LISEMWALO NA WENGI: TULIPIME NAMNA GANI?

 

Leo tunazungumza juu ya jambo gumu: namna ya kupinga neno linaloaminiwa na watu wote, na kulipinga kwa haki, bila hila.

Wazee walisema: lisemwalo lipo, na kama halipo liko njiani. Methali hii ina hekima yake. Inatuonya tusidharau habari tunazosikia. Lakini mtu akiichukua kama hukumu, inaweza kuua. Kindu inalijua jambo hilo.

Kumbukeni mwaka 1961. Nchi ilikuwa imepasuka. Tangu tarehe 11 Julai 1960 Katanga ilikuwa imejitenga chini ya Moïse Tshombe, ikisaidiwa na maofisa wa Ubelgiji na askari wa kukodiwa. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba aliuawa hukohuko Katanga. Hasira ya watu ilikuwa na sababu ya kweli.

Tarehe 11 Novemba 1961 ndege mbili za ONU zilitua hapa Kindu. Zilikuwa na Waitalia 13, wakileta mahitaji ya askari wa Malaya waliokuwa hapa kwa kazi ya ONU. Neno likatembea upesi: hawa ni makomando wa Ubelgiji, watu wa Tshombe! Askari wa Kikongomani wakawakamata, wakawapiga, wakawaua wote 13. Mwaka uliofuata miili yao ilirudishwa Italia, na mpaka leo wamelala katika mji wa Pisa.

Sasa tufungue fikira ile kama mtu anavyofungua mzigo, tuone kilichomo. Neno la kwanza: wanaomsaidia Tshombe ni wazungu. Hilo lilikuwa karibu na kweli. Neno la pili: watu hawa walioshuka ni wazungu. Kweli pia. Neno la tatu: basi, watu hawa ni wa Tshombe. Hapo ndipo mtumbwi ulipopinduka. Samaki anaishi katika Lualaba, lakini si kila kinachoishi katika Lualaba ni samaki. Mamba yumo, na kiboko yumo.

Ulizo moja lingetosha: ndege hizi zimeleta nini, na kwa nani? Waliojua jibu, wale askari wa Malaya, walikuwa hapahapa mjini. Lakini moyo uliojaa uchungu hautafuti jibu. Unatafuta mtu wa kulipa. Ndugu zangu, uchungu wa kweli hauwezi kuligeuza neno la uongo kuwa kweli.

Tusiseme hayo ni mambo ya zamani. Familia zilizokimbia vita zinafika mtaani. Wiki ya pili, mbuzi wa jirani anaibwa. Watu wanasema: kabla hawajaja hapakuwa na wizi, basi ni wao. Jogoo anawika, kisha jua linatoka. Je, jogoo ndiye aliyelivuta jua? Jambo kuja baada ya jambo lingine hakuonyeshi kwamba la kwanza limelizaa la pili.

Kiongozi wa mtaa akisema, "Tungojeni tuchunguze," anajibiwa, "Wamekulipa!" Angalieni: hakuna aliyejibu neno lake. Wamemshambulia yeye. Na mtu anayeshukiwa, akikana, wanasema mwizi hakubali kamwe. Akinyamaza, wanasema kunyamaza ni kukubali. Afanye nini basi? Shitaka ambalo kila jibu linaligeuza kuwa ushahidi halijathibitishwa. Limefungiwa tu mlango ili kweli isiingie.

Lakini sikilizeni na upande wa pili, maana mtu anayepinga neno la wengi naye anaweza kukosa. Kusimama peke yako hakukufanyi mwenye kweli.

Chukueni mfano wa Ebola katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018. Watu wengi waliikataa habari ya serikali na ya madaktari. Walikuwa na maulizo ya haki. Tangu mwaka 2014 watu wa Beni walikuwa wakichinjwa, nao wakauliza: kwa nini msaada mwingi namna hii unakuja kwa ajili ya Ebola, na hatukuuona tulipouawa? Kisha uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018 ukaahirishwa Beni na Butembo, na Ebola ikatajwa kuwa mojawapo ya sababu. Kutilia shaka siasa hiyo hakukuwa kosa.

Kosa lilikuwa kuruka kutoka hapo mpaka kusema: basi ugonjwa haupo. Serikali inaweza kutumia ugonjwa wa kweli kwa mambo ya siasa. Mambo yote mawili yanaweza kuwa kweli pamoja. Mwezi wa Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Mpaka ugonjwa ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 walikuwa wamekufa.

Mnaona, wapenzi wasikilizaji, kipimo ni kimoja kwa wengi na kwa mmoja, kwa mkubwa na kwa mdogo. Muuzaji mwenye vipimo viwili, kimoja cha kununulia na kingine cha kuuzia, sisi sote tunajua jina lake. Habari mbaya juu ya adui tunaipokea bila ulizo. Habari mbaya juu ya ndugu yetu tunaidai mashahidi kumi. Ndivyo moyo unavyotupotosha bila sisi kujua.

Basi tufanye nini?

Kwanza, tenga mambo matatu: niliyoyaona, niliyoyasikia, na ninayoyafikiri. Ninyi mliokimbia mmeona mengi, na ushuhuda wenu una uzito. Msiupunguze kwa kuuchanganya na uvumi wa njiani.

Pili, geuza majina. Mahali pa jina la kabila lile, weka la kabila lako. Kama neno halikupendezi tena, lilikuwa na kasoro tangu mwanzo.

Tatu, kabla ya kumpinga mwenzako, sema fikira yake mpaka yeye mwenyewe akubali: "Ndiyo, hivyo ndivyo ninavyosema." Kisha jibu hiyo, usijibu nyingine uliyomtungia.

Nne, jiulize: kitu gani kikionekana, nitakubali kwamba nimekosa? Kama hakuna, bado hujaanza kutafuta kweli.

Tano, usisimame peke yako mbele ya kundi lenye hasira. Tafuta mzee, mchungaji, imamu, mama anayeheshimiwa, mwende pamoja. Msianze kwa kuwaita watu wajinga. Ombeni muda tu: "Tungoje mpaka kesho asubuhi." Uvumi unapenda haraka, na usiku mmoja wa kungoja unaweza kuokoa mtu.

Na ninyi viongozi, mwenye ulizo msimwite msaliti. Mkitangaza habari ambayo baadaye inaonekana si kweli, isahihisheni mahali palepale mlipoitangazia, mbele ya watu walewale. Heshima yenu haitapungua.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani au katika kikundi:

1. Kuna neno gani mtaani mwetu ambalo wote wanalisema, na hakuna aliyeliona?
2. Nani angeumia kama neno hilo ni la uongo?
3. Nani kati yetu anaweza kwenda kuuliza, na amwulize nani?

Kwaherini, na amani ikae katika nyumba zenu.