Asahauye kwa Saa Chache Asidhaniwe Mwongo

Kazi ya askari, awe wa jeshi au wa polisi, humkutanisha kila siku na watu wanaopaswa kuulizwa maswali. Umetoka wapi? Umefikaje hapa? Ulikuwa na nani? Aghalabu mtu ashindwaye kuyajibu hudhaniwa amelewa, anaficha jambo, au amerogwa. Leo twapenda kuwaeleza ndugu zetu askari habari za ugonjwa umwondoleao mtu kumbukumbu kwa muda wa saa chache tu, ambao mara nyingine huanza pale anapojitosa ghafla katika maji baridi.

UGONJWA WENYEWE

Mwaka 1958 madaktari wawili wa Boston, Marekani, Miller Fisher na Raymond Adams, waliueleza ugonjwa huu na kuupa jina lenye maana ya kusahau kote kwa muda. Huwapata zaidi watu wenye umri wa miaka 50 hadi 70, na ni nadra kwa walio chini ya miaka 40.

Mgonjwa huonekana mzima. Hutembea, huzungumza, hulijua jina lake, na huwatambua mkewe na wanawe. Lakini jambo jipya halikai kichwani mwake. Atauliza, "Tuko wapi? Nimefikaje hapa?" Atajibiwa vizuri, naye ataitikia, baada ya dakika chache atauliza tena swali lile lile, kwa maneno yale yale. Huenda pia akawa amesahau mambo ya siku au majuma yaliyotangulia. Hali hiyo kwa kawaida hudumu saa kadhaa, wala haipiti saa 24. Kumbukumbu hurejea polepole, lakini yale yaliyotukia katika saa zenyewe za ugonjwa hayarudi kamwe.

Chanzo chake bado chajadiliwa na wataalamu. Lijulikanalo ni kwamba sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi, ambayo kazi yake ni kuhifadhi mambo mapya, husimama kwa muda. Mara nyingi hutanguliwa na mshtuko wa mwili au wa moyo: kunyanyua mzigo mzito, maumivu makali, habari ya msiba, tendo la ndoa, au kuingia ghafla katika maji baridi, na hata maji ya moto. Baridi inapoipiga ngozi, mtu hutweta, kifua hubana, na shinikizo la damu hupanda. Wako wataalamu wasemao kwamba kubana huko kwa kifua huizuia damu kushuka vizuri kutoka kichwani.

MALAWI NA BARIDI YAKE

Yawezekana msomaji akasema kwamba haya ni mambo ya Ulaya, kwani maji ya Ziwa Malawi ni ya uvuguvugu. Kweli, lakini Lilongwe iko mahali pa juu, kiasi cha mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai baridi yake ni kali. Huko Nyika, kaskazini mwa nchi, hata sakitu huonekana.

Tuitazame Dzaleka, katika wilaya ya Dowa, mwendo wa kilomita 45 hivi kutoka Lilongwe. Zamani za Rais Kamuzu Banda palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Tangu mwaka 1994 ni kambi ya wakimbizi, na leo ina watu zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kiswahili ni miongoni mwa lugha zitumikazo huko. Mzee wa kambini ajimwagiaye ndoo ya maji ya kisima alfajiri ya Julai, huku moyo umelemewa na habari za nyumbani, yumo katika hali zile zile tulizozitaja.

Mwaka 2023 serikali ya Malawi iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi Dzaleka, na askari wakatumwa kutekeleza amri hiyo. Basi tufikiri mtu wa makamo akutwaye barabarani Lilongwe, alijuaye jina lake lakini asiyejua amefikaje hapo. Yeye asema Kiswahili, askari asema Kichewa. Kwa kutoelewana huko, ni rahisi mgonjwa kuandikwa mkaidi.

WAJIBU WA ASKARI

Jambo la kwanza, asiachwe peke yake, wala asikae karibu na maji au barabara. Akiwa amelowa, akaushwe na kufunikwa. Pili, askari amtajie jina lake, kisha amwulize baada ya dakika tano. Asipolikumbuka hata kidogo, hiyo ni dalili. Tatu, atafutwe aliyeona hali hiyo ikianza, kwa maana ushahidi wake ndio daktari atakaoutegemea.

Nne, apelekwe hospitali, iwe ya wilaya ya Dowa au Hospitali Kuu ya Kamuzu mjini Lilongwe. Akiwa na homa, degedege, jeraha la kichwa, ulimi mzito, udhaifu wa upande mmoja, au akiwa hajijui yeye ni nani, asicheleweshwe hata kidogo. Hizo si dalili za ugonjwa huu. Huenda ni malaria ya ubongo, kiharusi, upungufu wa sukari mwilini au homa ya uti wa mgongo. Kijana wa miaka 25 asahauye ghafla naye atazamwe kwa mashaka hayo hayo.

Tano, maelezo yasiandikwe wakati mtu yumo katika hali hiyo. Kumtisha au kumpiga hakutaleta kile ambacho ubongo wake haukukihifadhi. Kutamfanya abuni jibu, na jibu la kubuni huipoteza kesi.

Kwa ndugu zetu wa jeshi wafanyao mazoezi ya kuogelea mitoni: msiruke kwa ghafla. Lowesheni uso na kifua kwanza, ingieni taratibu, na kila mtu awe na mwenzake wa kumtazama. Dakika za kwanza za baridi ndizo zimfanyazo mwogeleaji atwete na kumeza maji. Ama ugonjwa wenyewe wa kusahau hauui wala haupoozeshi, na walio wengi huwapata mara moja tu maishani. Lakini asahauye alipo akiwa katikati ya mto yumo hatarini, na mwenzake ndiye awezaye kumtoa.