Bata Asiyeonesha Dalili Aweza Kubeba Virusi

Vinasaba vya kirusi cha mafua ya ndege vimegawanyika katika vipande 8. Bata akiambukizwa aina mbili kwa pamoja, virusi hivyo huweza kubadilishana vipande ndani ya seli zake, kikazaliwa kirusi kipya. Bata wengi hawaoneshi dalili, lakini hueneza virusi kwa kinyesi. Mwaka 1997, huko Hong Kong, kirusi cha H5N1 kilichotokana na mchanganyiko wa namna hiyo kiliambukiza watu 18, 6 wakafariki.

Kwa hiyo, tunakushauri:
- usinunue ndege mgonjwa au aliyekufa mwenyewe;
- usifuge bata pamoja na kuku;
- nawa mikono kwa sabuni baada ya kushika nyama mbichi;
- pika nyama na mayai hadi viive kabisa, kwani nyuzijoto 70 huua kirusi hiki.

Ndege wakifa ghafla, usiwaguse. Mwarifu daktari wa mifugo.