Nyumba, jengo, kibanda: neno moja linaweza kukupotezea parseli

NIZI – Huku Nizi, teritwari ya Djugu, mtu akisema «niko na nyumba», kila mtu anamfahamu. Lakini akifika mbele ya shefu, mbele ya watu wa kadastri ao mbele ya kampuni ya dhahabu, lile neno linaanza kuvutwa huku na kule. Mmoja anasema ni nyumba, mwingine anasema ni kibanda tu, mwingine tena anasema ni jengo ambalo halijaisha. Na kwa familia zilizokimbia toka vita irudi Djugu mwisho wa 2017, kuna swali lingine: nyumba iliyobaki bila mtu, ao ile iliyochomwa ikabaki kuta, ingali nyumba?

Maneno yenyewe yanasema nini

«Jengo» linatoka kwa kitendo «kujenga». Ni kila kitu kilichosimamishwa na mikono ya watu: masomo, kanisa, hospitali, depo, hata ukuta wa kuzunguka parseli. Katika kamusi za zamani za Kiswahili, «majengo» ni pia vifaa vya kujengea: nguzo, fito, mawe. Ndiyo kusema, fito zilizorundikwa mbele ya parseli ziliitwa tayari majengo, hata mbele ya fundi kuanza kazi. Baadaye jina hilo likawa la mitaa: kuna Majengo Goma, kuna Majengo Nairobi na Mombasa. Huko Kenya vijana wanasema «mjengo» kwa kazi ya kubeba simenti na mawe kwenye shantie.

«Nyumba» ni neno la karibu zaidi na moyo. Ni pahali watu wanalala, wanapika, wanazaa. Tena ni watu wenyewe: «sisi ni wa nyumba moja» maana yake ni jamaa moja. Ndiyo sababu nyumba ikichomwa, mutu hasemi tu kwamba amepoteza kuta. Ikikuwa kubwa inaitwa jumba. Sehemu yake moja ni chumba.

Katika vijiji vyetu watu wanatofautisha nyumba kwa kile kilichoijenga. Kuna nyumba ya majani, nyumba ya fito na potopoto, nyumba ya matofali mabichi, halafu nyumba ya matofali ya kuchoma na mabati. Ndani ya kambi za wakimbizi wa ndani kuna ile ya miti na turubai, ambayo hata wenyewe wanaoishi ndani wanaogopa kuiita nyumba.

Eneo hili lina pia historia ya Kilo-Moto, kampuni ya dhahabu iliyofanywa shirika mwaka 1926, ikaitwa OKIMO toka 1966. Wafanyakazi wake waliwekwa ndani ya kambi. Mtu aliishi ndani ya nyumba ya kampuni, lakini haikuwa yake. Basi kukaa ndani ya nyumba na kuwa mwenye nyumba ni mambo mawili.

Sheria inatenganisha udongo na jengo

Sheria ya 20 Julai 1973 kuhusu mali inasema wazi: udongo ni wa Serikali. Raia anapewa haki ya kuutumia, inayoitwa konsesio. Lakini jengo lililo juu ya udongo linaweza kuwa mali yake binafsi. Ili sheria ilitambue, linapaswa kuandikwa ndani ya sertifika ileile inayoonyesha konsesio.

Hapa ndipo hatari iko. Sertifika ikiisha kupita miaka 2, haiwezi tena kupingwa. Aliyenyang'anywa anabaki tu na njia ya kudai malipo ya hasara. Familia iliyokimbia inaweza kukaa mbali kupita miaka 2. Ikiwa mtu mwingine amejiandikisha juu ya parseli yao na hakuna aliyepinga mapema, kurudi kunakuwa kugumu sana.

Kwa vijiji, sheria ya 1973 ilisema haki za jamii juu ya udongo wanaokaa na kulima zitapangwa na ordonansi ya Rais. Miaka mingi ilipita bila hiyo ordonansi kutoka. Ndiyo maana watu wengi wako tu na neno la shefu na ushahidi wa majirani.

Nyumba tupu si nyumba iliyokufa

Kuhusu dhahabu, Kodi ya mine ya 2002 inagusa neno letu moja kwa moja. Kifungu 279 kinasema mwenye haki ya mine hawezi kukalia udongo ulio chini ya metre 180 toka kwa nyumba ao majengo, bila mwenyewe ao mkaaji halali kukubali. Na kinaongeza: ikiwa yana watu, hayana watu, ao hayana watu kwa muda tu. Maneno hayo matatu yana faida kubwa kwa wakimbizi wa ndani. Mtu akisema «hapa hapana nyumba, wenyewe walishakwenda», sheria haisemi hivyo. Kukimbia hakufuti nyumba. Ila mwenyewe anapaswa kuweza kuonyesha kwamba ilikuwako.

Mambo ya kufanya

Kwanza, karatasi yoyote ya kununua ao kupewa parseli itaje vitu viwili mbalimbali: udongo, na kile kilichojengwa juu yake. Iandike vyumba ngapi, kuta za nini, paa la nini. «Parseli na kibanda» inaweza kuwa na maana nyingine kabisa siku ya malipo.

Pili, yaandikwe majina ya majirani wa pande 4, na alama zisizohama: mti, kijito, barabara. Kuta zinachomwa, lakini kijito kinabaki.

Tatu, picha ya nyumba ipigwe na simu wakati ingali imesimama, na kopi ya makaratasi iwekwe kwa ndugu anayeishi pahali pengine.

Ine, aliye mbali akisikia mtu anapima parseli yake, asingoje amani irudi kabisa. Atume barua ya kupinga kwa shefu na kwa ofisi ya vyeo vya udongo, na abaki na kopi iliyopigwa muhuri. Karatasi ya shefu si sertifika, lakini mbele ya tribinali inasaidia kama ushahidi.

Na mtu akiulizwa aliacha nini kijijini, aseme «niliacha nyumba», hata kama ilikuwa ya potopoto na majani. Kifungu 279 kinasema nyumba na majengo, hakiulizi kama ni matofali.