Mnana anayelea makinda yasiyo yake

KATIKA nyika kavu za Baringo na Samburu, si ajabu kuukuta mgunga umesheheni vifurushi vya nyasi kavu. Hayo ni makao ya mnana mwenye nyusi nyeupe, ndege anayeishi katika jamii ya wawili hadi kumi na wawili hivi.

Kwa kawaida, katika kila jamii huzaa dume na jike wakuu pekee. Waliosalia, wengi wao wakiwa watoto wao waliokwisha kukomaa, husaidia kulisha makinda, kujenga viota na kulinda mipaka kwa nyimbo.

Viota vya kulalia vina milango miwili, na aghalabu kila ndege hulala pekee. Cha kutagia mayai huzibwa mlango mmoja.

Utafiti uliofanywa katika jangwa la Kalahari na kuchapishwa mwaka wa 2024 ulionyesha kuwa kila jamii ina mtindo wake wa ujenzi, na mgeni anayejiunga nayo huufuata.

Hivyo, mgunga mmoja ukikatwa ili kuchomwa makaa, huenda ukoo mzima ukakosa pa kulala.