Kamera Ipi Itafaa Chama cha Picha?

Bwana Mhariri ameniandikia akiniomba nieleze, kwa lugha nyepesi, ule mzozo uliozuka kati yetu sisi wanafunzi wa zamani juu ya kamera ya Chama cha Picha. Wanaoijua habari hii wataniwia radhi nikiirudia kwa ajili ya wengine. Tumechanga fedha ili chama kipate kamera ya dijitali, na kazi yake imekwisha tajwa: wakati wa likizo kila mwanafunzi aende nayo nyumbani akapige picha ya babu yake au bibi yake, nayo ichapwe na kuwekwa katika albamu ya maktaba. Wenzangu wengine, hasa wenye mvi, wanataka inunuliwe renjifainda, maana ndiyo kamera waliyoiona mikononi mwa wapiga picha mashuhuri. Wengine wanasema inatosha kamera ya kawaida yenye sensa ndogo. Mimi riziki yangu ni kupiga picha za harusi hapa Kigali, na zote mbili nimezitumia, kwa hiyo nitasema ninayoyajua.

Kwanza, mzozo wenyewe una kasoro. Majina haya mawili si ya jamii moja. Renjifainda ni namna ya kulenga, yaani ya kupima umbali wa kitu unachokipiga picha. Sensa ndogo ni habari ya ukubwa wa kile kipande kinachopokea mwanga mahali pa filamu (wadogo zangu, si sensa ile ya kuhesabu watu). Ni kama mtu kuuliza, ninunue baiskeli nyekundu au baiskeli yenye gia? Baiskeli moja yaweza kuwa na yote mawili. Na kweli, renjifainda ya kwanza ya dijitali, Epson R-D1 ya mwaka 2004, ilikuwa na sensa ndogo. Leica M8 ya mwaka 2006 ilikuwa na sensa ya milimita 27 kwa 18. Ilipotoka Leica M9 mwaka 2009 ndipo renjifainda ya dijitali ilipopata sensa kamili ya milimita 36 kwa 24, sawa na kipande kimoja cha filamu ya zamani. Basi tunabishana juu ya maswali mawili kana kwamba ni moja, ndiyo sababu hatupatani.

Sasa renjifainda hufanyaje kazi? Nyosha mkono, simamisha kidole gumba mbele ya mti ulio mbali, fumba jicho la kushoto, kisha fumbua na ufumbe la kulia. Kidole kinaruka kutoka upande huu wa mti kwenda upande ule. Kisogeze kidole karibu na pua, kitaruka zaidi. Kumbe ukipima mruko huo unaweza kujua umbali, na waliosoma hesabu za pembetatu wataona sababu yake mara moja. Renjifainda ina macho mawili kama sisi: vidirisha viwili vilivyotengana kwa sentimita chache. Ukitazama ndani unaona katikati kipande kidogo chenye sura mbili za kitu kile kile, moja imepishana na nyingine. Unazungusha lenzi, sura zinakaribiana, na zinapokutana zikawa moja, umekwisha lenga. Hakuna mashine inayokuamulia.

Lakini angalieni jambo hili: hutazami kupitia lenzi. Unatazama kupitia kidirisha kilicho pembeni, na ndani yake kumechorwa mistari ya mwanga inayoonyesha mpaka wa picha. Huko nje ya mistari bado unaona, na hiyo ndiyo raha yake kubwa. Katika sherehe ya gusaba, mzee anapoinuka kujibu maneno ya upande wa mume, ninamwona shangazi akija kutoka kulia kabla hajaingia katika picha, nami namngoja. Tena haina kile kioo kinachoruka na kupiga kelele ndani ya kamera za lenzi moja. Kanisani mtu aliye kiti cha pili hasikii kitu.

Hasara zake zinatokana na kidirisha hicho hicho. Lenzi nyingi za Leica M hazilengi kitu kilicho karibu kuliko sentimita 70, kwa hiyo pete katika kidole cha bibi arusi huipati vizuri. Lenzi ndefu nazo ni taabu, maana mistari yake katika kidirisha ni midogo kama stampu ya barua. Tena kifuniko cha lenzi kikisahauliwa mahali pake, kidirishani unaendelea kuona dunia yote nzuri kabisa, na kamera inapokea giza tupu. Renjifainda za siku hizi zinaweza kukuonyesha picha nyuma kwa kupitia lenzi yenyewe, lakini hapo umekwisha acha renjifainda ukarudi kwenye kamera kama nyingine.

Kuna na zile Fujifilm, X100 ya mwaka 2011 na X-Pro1 ya mwaka 2012, zenye kidirisha pembeni na sura ya renjifainda. Ni kamera nzuri, ila hujilengea zenyewe, hazina sura mbili za kukutanisha. Tena sensa zake ni ndogo, wala wanaozisifu hawalalamiki.

Hiyo sensa ndogo ikoje? Katika kamera za Nikon ni karibu milimita 23.5 kwa 15.6. Zidisheni wenyewe: ni milimita mraba 367 hivi, na sensa kamili ni 864. Yaani haifiki hata nusu. Matokeo yake ni mawili. La kwanza, sensa inakata kingo za picha ambayo lenzi ingeileta, ikabaki ile sehemu ya katikati, kwa hiyo lenzi ya milimita 50 inaona kama ya 75, na ya 35 inaona kama ya 52 au 53. Lenzi haikurefuka, ila pembe ya kutazama imebanwa. La pili, mwanga unaokusanywa ni kidogo, na usiku picha inaanza kuwa na chenga mapema zaidi. Miaka 20 iliyopita neno hili la pili lilikuwa zito sana. Leo, picha iliyopigwa usiku katika bwalo lenye taa za kawaida, kwa sensa ndogo iliyotengenezwa katika miaka hii ya karibuni, ikichapwa kwa ukubwa wa ukurasa wa gazeti hili, wachache sana wataweza kuitofautisha.

Nitoe mfano wa mahali tunapopajua sote. Septemba mwaka 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika hapa Kigali, mara ya kwanza katika Afrika, na shule za mjini zilifungwa siku zile. Nilisimama kwenye kile kilima cha mawe cha Kimihurura nikiwa na kamera mbili, renjifainda niliyoazimwa na rafiki na Nikon yangu ya sensa ndogo. Katika renjifainda nilitia lenzi ya milimita 35, tundu nikalifunga hadi namba 8, nikalenga mita 3, basi. Kwa hesabu ya namna hiyo kila kitu kilicho kati ya mita 2 na mita 7 hutoka safi, hakuna tena haja ya kulenga. Wapanda baiskeli walipopita nilibonyeza tu, nikapata magurudumu, mawe, watoto juu ya ukuta na mama mmoja aliyekuwa akipiga kelele ameshika kichwa. Kwa Nikon nilitia lenzi ya 70 hadi 300, ambayo kwa sensa ile inaona kama ya 105 hadi 450, nikawachukua wale wale tangu kona ya chini, uso mmoja mmoja, jasho likionekana. Kazi hii ya pili renjifainda haiiwezi kabisa.

Ile ya kwanza je, Nikon inaiweza? Inaiweza. Weka lenzi yake ya kawaida kwenye milimita 24, tundu namba 8, lenga jiwe lililo mita 3 mbele yako, kisha uzime kule kujilenga kwa mashine. Utapata usafi tangu karibu mita 1 na nusu hadi zaidi ya mita 15. Sensa ndogo hapo inakusaidia. Utakosa jambo moja tu: kuona nje ya mpaka wa picha. Kwa hilo fumbua jicho la pili, kama wafanyavyo wawindaji.

Juu ya mwanga wa mji wetu niseme kidogo, maana unahusu kamera zote. Tuko karibu na mstari wa ikweta, nyuzi 2 tu kusini yake, na adhuhuri jua liko utosini. Macho ya mtu yanakuwa mashimo meusi. Saa kumi na mbili na nusu jioni jua limekwisha tua, mwezi wowote. Tena kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera hutaka kila kitu kiwe rangi ya kijivu cha katikati: mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta mweupe, ukuta utakuwa wa kijivu na uso wake utapotea. Ongezeni mwanga kidogo kwa mkono, msiiachie mashine. Babu na bibi wapigwe picha ndani, karibu na mlango au dirisha, saa tatu asubuhi au saa kumi alasiri.

Sasa fedha. Leica M11 ilipotoka Januari mwaka 2022 iliuzwa Marekani kwa dola 8,995, bila lenzi. Nikon D3500, ya sensa ndogo, ilipotoka mwaka 2018 iliuzwa huko dola 500 pamoja na lenzi yake. Kwa bei hizo renjifainda moja tupu ni sawa na kamera 18 za wanafunzi. D3500 haitengenezwi tena, lakini zilizotumika zipo nyingi, na ndugu zake vile vile. Wanaosema renjifainda ni nyepesi nao waende kwenye mizani: M11 ya rangi ya fedha ina gramu 640, D3500 haifiki gramu 420.

Mwenzangu mmoja ameniambia tununue Leica ya zamani kwa bei nafuu. Inawezekana, lakini ajue anachonunua. M8 huona sehemu ya mwanga ambayo macho yetu hayaioni, na nguo nyeusi za nyuzi za kiwandani hutoka za zambarau mpaka lenzi ivalishwe kioo maalumu. Kwa suti za bwana arusi haifai. M9 nazo, kioo kinachofunika sensa yake kilikuwa na ugonjwa wa kuliwa na kutu. Tena renjifainda yoyote ikigongwa sana, zile sura mbili hukutana mahali pasipo pa kweli, na picha zote zitatoka na ukungu hali mpigaji anaona amelenga sawasawa. Kamera yetu itapanda pikipiki, itapanda basi la Nyamagabe na la Nyagatare, itaingia katika mifuko ya watoto 40 kwa zamu. Fundi wa kuirudisha katika vipimo vyake hapatikani kila mtaa.

Jambo la mikono mingi ndilo ninalolitia uzito kuliko yote. Mwaka 2000 Mmarekani aitwaye David Jiranek aliwapa watoto wa Imbabazi, makao ya yatima ambayo Rosamond Carr aliyaanzisha upande wa Gisenyi mwaka 1994, kamera zile za kutumia mara moja na kutupa. Hazina kulenga kwa namna yoyote, si kwa sura mbili wala kwa mashine. Picha za watoto wale zilikwenda kuonyeshwa mpaka Marekani. Ndiyo sababu nasema chama kinunue kamera mbili za sensa ndogo zilizotumika vizuri, na kila moja lenzi fupi ya milimita 35 yenye tundu kubwa la namba 1.8, ile iliyotoka mwaka 2009 kwa dola 200. Kwa lenzi hiyo, nyumba ya bibi yenye dirisha moja ina mwanga wa kutosha. Renjifainda, wenye mvi wakipenda, wajinunulie wenyewe, na siku moja katika muhula waje kuwafundisha vijana kuitumia. Nitakuja kujifunza pia.

Fedha itakayobaki iende kwenye kadi, betri za akiba na, zaidi ya yote, uchapaji. Waliokwenda Gisozi, katika jumba la kumbukumbu lililofunguliwa mwaka 2004, wameona chumba kile chenye picha zilizoletwa na jamaa za waliouawa. Ni picha za kawaida: mtu na suti yake, harusi, watoto wamesimama mbele ya nyumba. Mpigaji hakujua anapiga picha ya mwisho. Na katika nyumba nyingi za nchi hii hata hizo hazikubaki, zilichomwa au kuporwa mwaka 1994 pamoja na vitu vingine, kwa hiyo kuna wanafunzi wasiojua sura ya babu yao. Picha inayokaa ndani ya simu au kadi peke yake hupotea kwa urahisi kuliko hizo. Chapeni nakala mbili, moja ya nyumbani kwa mzee na moja ya maktaba, na chini ya kila picha, katika ukurasa wa albamu, mwandike jina lake kamili, kilima chake, mwaka, na jina la mjukuu aliyeshika kamera.