Usisubiri msiba ndipo watoto wajue ukoo wao

Familia nyingi za Ipililo na vijiji vingine vya Simiyu zina ndugu waliohama. Yupo baba mdogo aliyepeleka ng'ombe Mpanda, shangazi aliyemfuata mume Geita, au binamu anayelima mpunga Kilombero. Simu hupigwa kukiwa na msiba au mahari. Baada ya hapo ni kimya, na watoto wa pande zote mbili wanakua bila kujuana.

Mzazi, mwanao akiulizwa babu yake alitoka wapi, atajibu nini?

Walihama kwa awamu

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, serikali ya Waingereza iliwahimiza Wasukuma kuhamia Geita, kwani ardhi katika baadhi ya maeneo yao ilikuwa imeelemewa na watu na mifugo. Kuanzia miaka ya 1970 wengine walielekea Tabora, kisha Rukwa na Mpanda, wakitafuta malisho na mashamba mapya.

Wapo waliofika hadi Usangu. Mwaka 2006 na 2007 serikali ilipoondoa mifugo huko ili kulinda maji ya Mto Ruaha Mkuu, kaya nyingi zilifunga tena mizigo, nyingine zikafika Lindi na Pwani. Kwa hiyo mtoto anayezaliwa Kilwa leo anaweza kuwa na babu aliyehama mara tatu.

Jambo hili si la Wasukuma peke yao. Njaa ya viazi iliyoanza mwaka 1845 iliua watu wapatao milioni moja nchini Ireland, na wengine zaidi ya milioni moja wakakimbia, wengi wakienda Marekani. Hadi leo wapo wajukuu wanaohangaika kutafuta kijiji cha asili, kwa sababu waliotangulia walisema tu "tulitoka Ireland" na hakuna aliyeandika zaidi.

Kwa nini tujali

Kwanza ni ndoa. Vijana wawili wa ukoo mmoja wanaweza kukutana chuoni Mwanza au Dodoma, wakapendana, na undugu ukagundulika siku ya kujitambulisha.

Pili ni afya. Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye wagonjwa wengi wa selimundu nchini. Mtoto huupata ugonjwa huu akirithi vinasaba vyake kwa baba na kwa mama. Kujua kama kuna ndugu aliyeugua huwasaidia wazazi kupima mapema.

Tatu ni mirathi. Shamba lililoachwa Ipililo huzua ugomvi pale wanaobaki na waliohama wanapokosa mtu anayekumbuka makubaliano ya wazee.

Anzia hapa

Kaa na mzee, uwashe kinasa sauti cha simu. Usianze kwa kumuuliza mwaka, maana wengi hawakuandika tarehe. Muulize kwa matukio: Walihama kabla au baada ya uhuru? Wakati wa Operesheni Vijiji? Vita ya Kagera ilipopiganwa, mwaka 1978 na 1979, walikuwa wapi? Mvua za El Niño za 1997 ziliwakuta wapi?

Uliza kwa nini walihama, nani alitangulia, nani alibaki na makaburi yako wapi. Uliza pia maana ya majina. Mabula ni jina la mvua, na Shija hufuata baada ya mapacha Kulwa na Doto. Jina moja linaweza kukufungulia habari ya mwaka mzima.

Usiishie kwa babu. Bibi ndiye mara nyingi anayekumbuka watoto waliofariki wakiwa wadogo, na upande wa mama ndio husahaulika haraka zaidi.

Mzee asipotaka kuzungumzia jambo fulani, usimlazimishe. Wapo waliohama kwa kugombana na ndugu, na wapo waliopoteza mifugo yote njiani. Mpe muda, urudi siku nyingine.

Ukimaliza, andika majina kwenye daftari, piga picha kurasa zake na uzitume kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Walioko Katavi watasahihisha, walioko Lindi wataongeza. Likizo ikifika, mpe mwanao daftari hilo na simu, ampigie mwenyewe mmoja wa binamu zake aliyeandikwa humo.