Hekima ya Jadi na Kazi ya Kada: Funzo la Matuta ya Uluguru

Katika madarasa ya itikadi neno utamaduni hutajwa mara nyingi na huelezwa mara chache. Wako makada wanaolichukua kwa maana ya ngoma tu, yaani kikundi cha kumpokea kiongozi uwanjani, kisha vumbi likitua utamaduni nao umekwisha. Wako wengine ambao mzee akianza kutaja mila hutazama saa. Na wako wa tatu, ambao siku hizi wanaongezeka, wanaoamini kwamba kila lililofanywa na babu ni hekima kwa sababu lilifanywa na babu. Makala haya yanakusudia kueleza kwamba makundi yote matatu yamekosea kwa namna moja: hayajauliza hekima ya jadi inatoka wapi.

Sisi tunashikilia kwamba inatoka katika kazi. Watu wanaoishi mahali fulani, wenye udongo wa namna fulani, mvua ya namna fulani na zana za namna fulani, hujaribu, hushindwa, hujaribu tena. Linalowafaa hulihifadhi katika methali, katika miiko, katika taratibu za ukoo, katika namna ya kushika jembe. Kwa hiyo hekima hiyo ni mali iliyozalishwa na umma. Lakini kama mali yoyote, ina wakati wake na ina wenyewe: mila inaweza kumlinda mnyonge, na inaweza pia kumnufaisha mtu mmoja aliyekalia mgongo wa wenzake. Tunapotamka kwamba mwacha mila ni mtumwa tunasema kweli, ila tumeacha kuuliza ni mila ipi, na aliyeishika alikuwa nani.

Tuchukue mfano mmoja tuuchambue mpaka mwisho, badala ya kutaja ishirini juu juu.

Mtu akisimama Msamvu, pale njia ya Dodoma na njia ya Iringa zinapoachana, akageuka kuelekea kusini anaiona Milima ya Uluguru imekaa juu ya mji. Ndizi za Kinole na Matombo, na kabichi, karoti na viazi vya Mgeta hushuka kutoka huko kwenda kulisha Morogoro na Dar es Salaam. Maji nayo hushuka kutoka huko: Ngerengere unaingia bwawa la Mindu, na Ruvu unakwenda kunywesha Dar es Salaam na viwanda vyake. Abiria anayenunua chupa ya maji dirishani mwa basi hapo Msamvu hafikiri kwamba anategemea mteremko unaolimwa kwa jembe la mkono. Lakini anautegemea, kila siku.

Waluguru, kama jina lao linavyoeleza, ni watu wa mlimani. Ukoo kwao huhesabiwa kwa mama, na ardhi kwa jadi ilikuwa ya ukoo. Mtu asiye wa ukoo aliweza kupewa kipande alime kwa kutoa ada ndogo ya kuwatambua wenye ardhi, lakini hakuruhusiwa kupanda miti ya kudumu, maana mti ni madai. Kilimo chao cha mtelemko kilikuwa na ufundi ambao bwana shamba wa kikoloni hakuuona. Hasa upande wa Mgeta, mkulima akianza kulima hukata majani na kuyavuta pamoja na udongo wa juu kuelekea chini, akiyafukia katika mistari inayokatisha mlima. Vikatokea vidato vidogo vidogo kama ngazi. Majani yakioza yanakuwa mbolea, udongo wenye rutuba unabaki juu, na maji yanapunguzwa mwendo. Hakuna aliyeandika kitabu cha ufundi huo. Ulirithishwa kwa kushika jembe pamoja na mama.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza iliingiwa na hofu ya mmomonyoko wa udongo katika Tanganyika nzima. Tuseme haki: mmomonyoko ulikuwapo, na watu walikuwa wameongezeka mlimani. Lakini hofu ile ilikuwa na tabaka nyuma yake. Maji ya Uluguru yalihitajiwa na mashamba ya mkonge ya wageni kule tambarare, na yalihitajiwa na mji. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ukaanzishwa Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru, na kiini chake kikawa matuta ya ngazi: mkulima achimbe mlima mpaka upatikane uwanja bapa, kisha mwingine chini yake, na mwingine tena. Palitungwa sheria ndogo ndogo, wakawekwa wakaguzi, na asiyechimba alitozwa faini au kufungwa.

Hapa ndipo penye funzo. Mkoloni aliwaeleza wakubwa wake kwamba Waluguru wanapinga kwa ujinga na ukaidi. Sasa tutazame walikuwa wanapinga nini.

Udongo wenye rutuba mlimani ni tabaka jembamba. Ukichimba tuta la ngazi, ule mzuri unaufukia na ule wa chini, mwekundu usio na nguvu, unautoa nje uwe shamba. Mavuno hushuka, na bila samadi hayapandi kwa miaka. Halafu, tuta bapa mahali penye mvua nyingi mno hukusanya maji badala ya kuyaachia. Yakizama, mlima hulegea na kuporomoka. Kazi yenyewe ilikuwa nzito kupita kiasi, na aliyelima kwa kawaida ni mwanamke, ambaye pia alikuwa na kuni, maji na watoto. Na mazao yenyewe yalikuwa nini? Mahindi, mtama, mpunga wa mlimani, chakula cha nyumbani ambacho hakiwezi kulipa jasho la kuchimba mlima. Inafaa kuangaliwa kwamba sehemu za Mgeta penye mifereji ya kumwagilia na soko la mboga, ambako ngazi zililipa, zilichimbwa na kutunzwa. Basi ukaidi uko wapi? Tunachokiona sisi ni hesabu iliyofanywa na watu wasiojua kuiandika.

Kisha likawapo suala la ardhi. Mtu aliyeazima kipande cha ukoo mwingine achimbe matuta ya kudumu kwa haki gani? Na wenye ukoo wamwone akichimba wanyamaze? Juu ya hayo yote watu walikuwa wamekwisha kuona ardhi ya tambarare ikigeuka mkonge wa mzungu. Wakaona serikali inayopima na kuchimba mlima wao, wakajiuliza inamwandalia nani.

Jambo moja zaidi, ambalo wanafunzi wetu hulisahau. Mkoloni hakuja na sheria peke yake, alikuja na mila pia. Kingalu wa Kinole aliheshimiwa tangu zamani kwa uwezo wake juu ya mvua, lakini Waluguru hawakuwa na mtawala mmoja; Waingereza ndio walioweka utawala wa machifu juu ya koo, na baadaye amri ya matuta ikashuka kwa sauti ya jadi. Mila ilitiwa mkononi mwa dola ikawa kiboko. Kada anayeshangilia kila kilemba na kila mgwisho afikirie hapo kidogo.

Mwezi Julai 1955, kule Matombo, umati ulikusanyika kuukataa mpango. Polisi walitumia nguvu, risasi zikapigwa na mtu mmoja akauawa. TANU ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu tangu kuzaliwa kwake tarehe 7 Julai 1954, na manung'uniko ya namna hii, ya Uluguru, ya Usambara, ya Usukumani, ndiyo yaliyokipa Chama wanachama wa vijijini. Matuta ya kulazimisha yaliachwa. Mvua za masika zikafanya kazi yake, na mahali pengi palirudi kuwa mteremko.

Kama tungeishia hapa, tungetoka na somo rahisi kwamba mkulima siku zote ni sahihi na mtaalamu siku zote ni mkoloni. Maisha hayakwenda hivyo. Mwezi Februari 1970 mvua kubwa ya saa chache ilileta mamia ya maporomoko katika eneo la Mgeta. Wataalamu waliopima waliona kwamba mengi mno yalianzia katika mashamba na majani, na machache sana penye miti. Ufundi wa vidato ulitosha wakati watu walipokuwa wachache na shamba likipumzishwa miaka. Watu walipozidi, mapumziko yakafupika na msitu ukarudi nyuma, ufundi uleule haukutosha tena.

Wazee walikuwa na kinga nyingine, nayo ni vichaka vya mizimu vya koo, mara nyingi penye chemchemi, ambako haikuruhusiwa kukata mti. Mwanafunzi mmoja hodari atasema huo ni ushirikina. Maelezo yake ndiyo ya kishirikina; chemchemi ni chemchemi. Tukumbuke pia kwamba mwaka 1905 sifa za mzimu wa Kolelo, huko huko Uluguru, zilikuwa sehemu ya imani iliyowaunganisha watu wa makabila mbalimbali katika Maji Maji. Maji hayakuzuia risasi, na umoja ule ulikuwa wa kweli. Kazi ya kada si kumdhihaki mzee wala kupiga ramli pamoja naye. Kazi yake ni kukiona kilichohifadhiwa ndani ya mwiko na kukitafutia ulinzi ambao kijana asiyeuogopa mzimu ataukubali.

Na yako mambo ya jadi ambayo hayafai kuhifadhiwa. Zamani mwali wa Kiluguru aliwekwa ndani muda mrefu, pengine miezi mingi. Mafunzo aliyopewa yalikuwa na thamani, lakini shule na mwali hawakuweza kukaa nyumba moja. Muda wa kuwekwa ndani ulifupishwa, na waliofupisha ni akina mama wenyewe, walipoona binti anaweza kuwa mwalimu au mkunga. Hilo ndilo badiliko lililo imara. Vilevile haki ya mwanamke juu ya ardhi, ambayo ukoo wa mama uliilinda kwa namna yake, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeitamka kwa kila mwanamke, awe wa ukoo wa mama au wa baba. Kuisimamia katika baraza la kijiji ni kazi yetu.

Turudi kwenye matuta, maana hadithi yake haikuisha 1955. Kuanzia mwaka 2006 hivi, katika Kibungo Juu, kwenye vyanzo vya Ruvu, mashirika ya CARE na WWF yalianzisha utaratibu wa kuwalipa wakulima wanaotunza ardhi, na miongoni mwa watumia maji walioshirikishwa kulipa walikuwapo wauzaji wa maji wa Dar es Salaam na kiwanda cha soda. Wakulima walipanda miti, walipanda majani ya kukinga udongo, na walichimba matuta ya ngazi. Ndiyo, yale yale. Wajukuu wa watu waliokusanyika Matombo walishika jembe wakachimba kile ambacho babu zao walikikataa, safari hii kwa kuchagua, penye udongo unaoruhusu, wakitia samadi, na wakiwa na mazao ya kuuza.

Je, jadi imeshindwa? Hatuoni hivyo. Kilichobadilika ni uhusiano. Mwaka 1955 faida ya tuta ilikwenda tambarare na jasho likabaki mlimani. Mkulima aliupinga uhusiano huo, na bwana shamba akadhani anapinga udongo.

Wala tusimwachie Mwingereza lawama zote. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikemea kiburi cha viongozi kwa sababu kiburi kilikuwapo, na katika kuhamisha watu vijijini miaka ya 1973 hadi 1976 wako viongozi waliotumia mabavu kuliko maelezo. Hata leo kada anaweza kupanda mlima asubuhi kwa pikipiki kutoka Msamvu, akatoa agizo la kilimo na kushuka kabla ya saa nane, bila kujua shamba alilosimama ni la nani na limeazimwa kwa masharti gani. Tunawataka wanafunzi wetu waanze na maswali hayo, na wayaulize kwa mwanamke anayelima kabla ya kuyauliza kwa mwenyekiti.

Lipo suala moja ambalo matawi ya Morogoro na ya Dar es Salaam yanapaswa kulijadili pamoja. Miradi ya wafadhili ina mwisho wake, lakini maji yanaendelea kushuka, na ankara ya maji inaendelea kulipwa mjini kila mwezi. Sehemu gani ya ankara hiyo irudi Kibungo, Kinole na Mgeta, ipitie chombo gani cha kijiji, na aliyeazima shamba la ukoo apate fungu lake kwa njia ipi?